Je, Bao Ni Mchezo wa Bahati?

Wengi wanaopita kwenye baraza za Mji wa Kale, Mombasa, huamini kwamba bao huamuliwa na bahati. Dhana hiyo inaeleweka, kwani mkono wa mchezaji mzoefu huwa mwepesi kuliko jicho la mtazamaji. Hata hivyo, bao la Kiswahili halina dadu wala kitu kinachochezwa kwa siri: lina mashimo 32 katika safu 4 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 za kuingiza moja moja katika hatua ya namua. Kinachotatiza ni hesabu, maana kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mara nyingi mwendo huendelea, pengine kwa kuzunguka safu mbili za mchezaji mwenyewe, hadi ilale katika shimo tupu. Mwenye shaka apige picha ya ubao kwa simu, acheze mara moja, arudishe kete zilivyokuwa, kisha arudie kutoka shimo lilelile na kwa upande uleule. Kete zitalala palepale, hata achezaye akiwa mtoto.