Je, wajua kwa nini kumtafutia kazi mtu mwenye ulemavu kijijini huanza na mtu mwenyewe, si na nafasi ya kazi?

Nchini Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa walau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Ni kifungu kizuri, na katika miji ya Moshi na Arusha, penye hoteli, benki na viwanda, kina pa kushika. Lakini ukipanda kwenda Kibosho, Uru au Old Moshi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, waajiri wa kiwango hicho ni wa kuhesabu. Waliobaki ni mwenye duka la pembejeo, mwenye mashine ya kusaga, fundi seremala na vijana wake wawili, mama wa mgahawa, na kaya zenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa. Hao wote kifungu hicho hakiwagusi. Je, ina maana kuwa mtu mwenye ulemavu aliyezaliwa huko hana budi kuhamia mjini au kukaa nyumbani maisha yake yote?

Hapana, na sababu imo katika namna kazi za kijijini zilivyo. Kazi ya mjini hutangazwa ikiwa imekwisha kupangwa: cheo, sifa, saa za kuingia na kutoka, pamoja na orodha ya majukumu ambayo mwombaji hana budi kuyamudu yote, la sivyo hukosa nafasi nzima. Kijijini kazi bado ni shughuli moja moja, na anayezigawa ni mwenye mali mwenyewe, ambaye anaweza kubadilisha mgawanyo huo leo asubuhi bila kuitisha kikao. Kwa maoni yangu hapo ndipo kijiji kinapoushinda mji, ingawa tumezoea kukihesabu kama mahali pasipo na ajira.

Njia inayotumia nafasi hiyo, iitwayo kwa Kiingereza “customized employment”, yaani ajira inayopangwa kumfuata mtu, ilipata sura rasmi nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 2014 kuhusu nguvukazi iliieleza kuwa ni ajira yenye ujira sawa na wa wengine, katika mahali pa kazi pa watu wote, inayopangwa kwa kufuata uwezo, mahitaji na mapendeleo ya mtu mmoja, na wakati huohuo ikikidhi hitaji la kweli la mwajiri. Nusu hiyo ya mwisho ni ya lazima, kwa sababu kazi iliyoundwa kwa huruma tupu hukoma siku huruma inapokoma.

Hatua ya kwanza ni kumfahamu mtu. Anayemsaidia kutafuta kazi haanzi na fomu wala usaili, kwani vyote viwili hudhihirisha upungufu kabla ya kitu kingine chochote. Huenda nyumbani kwake, akakaa naye shambani, sokoni na kanisani au msikitini, akaangalia ni jambo gani hulifanya bila kuagizwa, ni saa ngapi za siku huwa na nguvu, kelele humsumbua au humchangamsha, na ni jirani yupi huelewana naye upesi. Mzazi akisema kwamba mwanawe hawezi lolote, huulizwa nani aliyewafungia mbuzi jana jioni.

Kisha hufuata kuzichunguza shughuli zenyewe, na hapa kahawa ni mfano mzuri. Ikishachumwa mbivu, humenywa siku hiyohiyo, ikachachushwa, ikaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Kwa siku kadhaa ni lazima igeuzwe mara kwa mara, ifunikwe jua linapokuwa kali mchana na usiku unapoingia, na zichambuliwe punje nyeusi, zilizokatwa na mashine na zile zilizobaki na ganda. Katika kaya nyingi yote haya humwangukia mama mmoja, kati ya kukata majani ya ng'ombe na kupika, na punje mbovu zikipita, daraja la kahawa hushuka, na bei nayo hushuka. Kijana mwenye ulemavu wa akili anayependa utulivu na kurudia jambo lilelile anaweza kuupokea uchambuzi wote. Mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuufanya pia, kichanja kikipimwa kwa urefu unaoruhusu magoti yake kupita chini yake. Kwa mtu mwenye ualbino, jua la kichanjani ni hatari, na mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, ni msaada mkubwa lakini hayachukui nafasi ya kivuli. Kwake kazi ihamie ndani, kwenye kupima uzito na kuandika kumbukumbu za chama cha msingi cha ushirika.

Mwajiri, kwa hiyo, haombwi nafasi. Huulizwa kazi ipi huchelewa, ipi humharibia mali, na angelipa kiasi gani ikifanywa vizuri. Ujira hukubaliwa siku hiyohiyo, kwa sababu kazi ya kulipwa chakula cha mchana na shukrani ni kumdhulumu mtu.

Mafunzo hufanyika palepale kazini, shughuli ikigawanywa katika hatua ndogondogo. Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani, Marc Gold, alichapisha matokeo ya kuwafundisha vijana wenye ulemavu wa akili kuunganisha breki za baiskeli za vipande 15 na vipande 24, kazi ambayo wengi hawakuamini kuwa wangeiweza. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwanafunzi asipoelewa, mwalimu ndiye abadili namna ya kufundisha.

Palipo hakuna mwajiri kabisa, mtu huyo anaweza kuanzisha shughuli yake mwenyewe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya asilimia hizo 10, asilimia 2 ya mapato hayo ni za watu wenye ulemavu. Fedha hizo hupungua thamani kila mkopaji anapoelekezwa kwenye kuku au cherehani kwa mazoea tu. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata akianza kwa kumtembelea nyumbani, kama ilivyoelezwa hapo juu, fomu ya mkopo itajazwa kwa shughuli ambayo mwombaji tayari anaijua na ambayo majirani wako tayari kuilipia.