Je, wajua kwa nini kubadilisha kivinjari mara nyingi hakubadilishi kasi ya kompyuta yako?

Kompyuta ikiganda kwenye steshenari yoyote ya Mwanjelwa, au zile za Iyunga zinazowahudumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hutakosa mshauri. Mmoja atasema weka Brave. Mwingine atasema Brave ya nini, Opera ndiyo nyepesi. Kijana wa kaunta anapakua, anaweka, na kwa siku mbili tatu mashine inaonekana imepona, maana kivinjari kipya hakina viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa ndani yake) wala vichupo (tabs) thelathini vilivyoachwa wazi tangu juzi. Wiki ikiisha, mambo yanarudi kulekule.

Wengi hawajui kwamba Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi zote zinaendeshwa na injini moja, yaani ile sehemu inayogeuza msimbo wa tovuti kuwa ukurasa unaouona. Ni kama mabasi ya Mbeya–Dar: rangi hutofautiana, viti na televisheni pia, ila ukiinama uvunguni unakuta chesisi ileile. Injini hiyo inaitwa Blink, na mradi unaoibeba unaitwa Chromium. Ukoo wake unaanzia kwenye KHTML, iliyoandikwa na watu wa mradi huria wa KDE. Apple wakaichukua KHTML, wakaijenga upya kwa jina la WebKit na kuitoa ndani ya Safari mwaka 2003. Google nao wakaichukua WebKit walipotoa Chrome mwaka 2008, kisha mwaka 2013 wakajitenga na kuanzisha Blink. Mwaka huohuo Opera waliiacha injini yao wenyewe, Presto, wakahamia huko. Hata Microsoft, waliokuwa wakivitawala vivinjari vyote enzi za Internet Explorer, walisalimu amri Januari 2020, Edge ilipotoka upya ikiwa juu ya Chromium.

Nje ya familia hiyo, kwa kompyuta ya mezani, wamebaki wawili wa maana. Safari inapatikana kwenye Mac tu. Toleo lake la Windows liliachwa mwaka 2012. Firefox ina injini yake, Gecko, yenye asili kwa Netscape, kivinjari cha miaka ya tisini.

Kwa hiyo swali la "kipi kina kasi?" halina uzito tunaolipatia. Kuna jaribio linaloitwa Speedometer linalopima kivinjari kinavyoitikia mibofyo na maandishi. Toleo lake la tatu, la mwaka 2024, lilitengenezwa kwa ushirikiano wa Apple, Google, Mozilla (wenye Firefox) na Microsoft, yaani washindani wenyewe. Namba hupishana kati ya kivinjari kimoja na kingine, lakini kwenye mashine moja, ukijaza fomu au kusoma barua pepe, jicho lako halitaziona tofauti hizo. Wote wameshakimbia vya kutosha.

Basi kompyuta inagandishwa na nini?

Mara nyingi ni RAM, kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka inachokifanyia kazi. Kaa mbele ya kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4, zile HP na Dell zinazopatikana kwa wingi mjini, fungua Chrome au Edge kisha bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Kinatokea kidirisha chenye orodha: kila kichupo, kila kiendelezi, na kiasi cha kumbukumbu kinachokula. Utaona WhatsApp Web imekalia megabaiti mia kadhaa. YouTube inayopiga kwaya kwa nyuma nayo inataka zake. Barua pepe, fomu ya HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), tovuti ya habari iliyofunguliwa asubuhi na kusahauliwa, kila moja ina mstari wake. Kwenye Firefox andika about:processes pale juu kwenye anwani, utapata orodha ya namna hiyo.

Vivinjari vya leo vimejengwa hivyo kwa makusudi. Chrome ilianza na wazo kwamba kila kichupo kiendeshwe peke yake, ili kimoja kikianguka kisiangushe vingine. Halafu Januari 2018 yakatangazwa mapungufu mawili ya vichakato vya kompyuta, Meltdown na Spectre, yanayoweza kuiruhusu programu moja kuchungulia kumbukumbu isiyo yake. Jibu la Chrome mwaka huohuo lilikuwa kuitenga kila tovuti kwenye mchakato wake, na Google walikiri kwamba usalama huo unaongeza matumizi ya RAM kwa takriban asilimia 10. Firefox ilifuata njia hiyo mwaka 2021. Kwa hiyo sehemu ya ule "ulafi" tunaoulalamikia ni ukuta unaozuia tovuti ya ovyo isiisome akaunti yako ya benki iliyo kwenye kichupo cha pili.

RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia baadhi ya vitu kwenye diski. Kama diski ni ile ya zamani inayozunguka, taa inawaka bila kuzima, mshale wa kipanya unaburuzika, mteja anaanza kuangalia saa. Hapo ubadilishe kivinjari mara kumi, utakuwa umebadilisha rangi tu. Ukiniuliza mimi, hela ya kwanza iende kwenye SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya pili kwenye RAM. Ukiwa huna hela, tumia kitu cha bure: vichupo vinavyolala. Edge imekuwa nacho tangu 2021, Chrome ikakileta mwishoni mwa 2022. Kwenye mipangilio ya Edge unaweza kuamuru kichupo kisichoguswa kilazwe baada ya dakika tano badala ya kusubiri muda mrefu zaidi. Kwenye mashine ya GB 4 utaliona hilo kwa macho.

Kuna pia kasi ambayo kivinjari hakina mamlaka nayo. Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, na mawasiliano yetu hushuka hadi pwani ndipo yaingie kwenye nyaya za baharini. Huo umbali wa Dar si tatizo. Mwanga ndani ya nyuzi huumaliza kwa milisekunde chache. Ni pale seva inapokuwa Ulaya, safari ya kwenda na kurudi inapita milisekunde 100, na ukurasa mmoja hudai safari hizo nyingi. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania ikayumba nchi nzima, hakuna kivinjari kilichomsaidia mtu, awe Kariakoo au Tunduma.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kivinjari kina mamlaka nalo kweli. Fungua tovuti yoyote ya habari yenye matangazo mengi, bonyeza F12, chagua Network, kisha upakie ukurasa upya kwa Ctrl, Shift na R. Angalia chini. Kivinjari kinaorodhesha kila kitu kilichoombwa, na idadi inaweza kupita mia kwa habari moja ya aya sita. Soma majina ya seva. Machache ni ya gazeti lenyewe. Yaliyobaki ni ya makampuni ya matangazo na ya takwimu ambayo msomaji hakuyaita. Kila moja limeleta kipande chake cha programu, kichakato kimekiendesha, RAM imekihifadhi, na bando lako ndilo limelipa nauli.

Ndiyo maana naona ni kosa kuitenga faragha na kasi kana kwamba unachagua moja uache nyingine. Kivinjari kinachozuia vifuatiliaji kinapakua vitu vichache, kwa hiyo kinawahi kumaliza, na GB yako inafika jioni. Brave ikionekana nyepesi kuliko Chrome, sababu kubwa ni hiyo: injini ni moja, ila Brave inakataa mizigo ya watu tangu siku ya kwanza bila wewe kugusa mpangilio wowote. Ukiweka kizuia matangazo kizuri kwenye Firefox unapata karibu matokeo hayohayo.

Kwa nini basi Chrome isifanye hivyo yenyewe? Fuata pesa. Vidakuzi, yale mafaili madogo ambayo tovuti hukuachia ili ikukumbuke, vilibuniwa Netscape mwaka 1994, na makampuni ya matangazo yakagundua upesi kwamba kidakuzi kimoja kinaweza kumfuata mtu tovuti hadi tovuti. Firefox ilianza kuvizuia vile vya wafuatiliaji kwa kila mtumiaji mwaka 2019, na tangu 2022 inakifungia kila kidakuzi kwenye tovuti iliyokiacha. Safari ilivifungia mlango vya tovuti za nje Machi 2020. Google waliahidi Januari 2020 kwamba Chrome itaviondoa ndani ya miaka miwili, wakaahirisha, wakaahirisha tena, na Julai 2024 wakaachana na mpango huo. Kampuni inayoishi kwa matangazo haikati tawi iliyokalia. Wakati huohuo Chrome ilibadilisha kanuni za viendelezi, na uBlock Origin, kizuia matangazo kinachopendwa sana, kikabaki huko na toleo dogo tu. Kwenye Firefox bado kinafanya kazi kamili.

Nisiwapambe Mozilla kupita kiasi. Sehemu kubwa ya mapato yao hutoka kwa Google, wanaolipa ili utafutaji wao uwe chaguo la kwanza ndani ya Firefox. Brave nao walikamatwa mwaka 2020: mtu akiandika anwani ya Binance, soko la sarafu za kidijitali, kivinjari kiliongezea kimyakimya kiungo cha kuwapatia wao kamisheni. Mkuu wao aliomba radhi na wakakitoa. Na ile "VPN ya bure" ya Opera, yaani njia ya kupitishia mawasiliano yako kwenye seva ya mtu mwingine, inapitisha mambo ya kivinjari peke yake. Programu nyingine zote kwenye kompyuta ziko nje yake. Tena anayeiendesha anaona unakokwenda, badala ya mtoa huduma wako wa intaneti.

Faragha ya Google na matangazo inazungumzwa sana, lakini kwa mazingira yetu mtu wa kumhofia zaidi ni yule atakayekalia kiti baada yako. Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB, fungua folda ya Downloads ya kompyuta ya steshenari yoyote, Uyole, Mafinga au Makambako. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu, vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa, matokeo ya kidato cha nne, vimelala pale vikiwa na majina kamili. Na ndani ya kivinjari kuna manenosiri, kwa sababu kiliuliza "tuhifadhi?" na mtu akabofya ndiyo ili kiondoke. Kama Windows yenyewe haina nenosiri, kuyasoma yote ni suala la mibofyo michache. Mbaya zaidi ni mteja kuingia na akaunti yake ya Google juu kabisa, kwenye kivinjari chenyewe, na kukubali kusawazisha: manenosiri ya simu yake yanashuka kwenye kompyuta ya dukani.

Hapo dawa ni hali ya mgeni (Guest), ambayo Chrome na Edge wanayo kwenye ile alama ya wasifu pembeni. Ukifunga dirisha, historia, vidakuzi na manenosiri vinaondoka. Dirisha fiche, la Ctrl, Shift na N, linafanya karibu kazi hiyohiyo. Ila mafaili uliyopakua yanabaki kwa vyovyote. Uyafute mwenyewe, kisha ufute na kwenye pipa la taka. Mwenye duka naye ajue kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na mafaili ya wateja si pambo la kompyuta yake.

Dirisha fiche lina mipaka yake. Linamficha aliyekaa jirani, halimfichi mtoa huduma wako wala tovuti unayoitembelea. Watumiaji wa Marekani waliishitaki Google mwaka 2020 wakidai ilikusanya taarifa zao wakiwa humo, na mwaka 2024 kampuni ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu hizo.

Kwa matumizi ya kila siku, basi, mwenye GB 4 na Windows 10 ningemwachia Edge iliyokuja na mashine, nikaze ulinzi wake dhidi ya vifuatiliaji uwe mkali na kulaza vichupo mapema. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, lakini wameahidi kuisasisha Edge juu yake hadi angalau Oktoba 2028. Mwenye GB 8 na kompyuta yake binafsi, Firefox na uBlock Origin, huku Chrome ikiwekwa akiba kwa zile tovuti zilizojaribiwa kwenye Chrome peke yake zikagoma kwingine. Asiyetaka kushika mipangilio kabisa, Brave, na azime vile vitufe vya pochi ya sarafu za kidijitali.

Wenye Windows 7, na bado mpo wengi, Chrome yenu ilikomea toleo 109 mwanzoni mwa 2023. Ndiyo maana baadhi ya tovuti zinawaambia kivinjari kimepitwa na wakati hata mkikisasisha mara ngapi. Firefox waliwaachia toleo 115 la muda mrefu na kuliongezea muda zaidi ya mara moja, lakini hilo nalo si la kudumu. Mashine hiyo ikiwekewa Linux nyepesi, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, itapata Firefox mpya kabisa bila kulipia leseni. Kazi ya kuiweka ni ya mchana mmoja, ikiwa umeme haujakatika.