Scania au Howo? Anza na saa za foleni

Swali ninaloulizwa zaidi hapa gerejini Mwanakwerekwe halihusu breki wala gia. Mtu anakuja, anaegemea bampa, anasema: "Fundi, nataka kununua tipa. Scania na Howo, ipi haili mafuta?" Kabla sijafungua mdomo ameshanitolea simu, anionyeshe hesabu aliyopewa na jamaa yake anayeendesha Dar es Salaam hadi Tunduma. Hesabu ile naiamini. Lakini lori lile linashika gia ya mwisho na kukaa nayo masaa. Kisiwa chetu cha Unguja urefu wake wote ni kama kilomita 85, na tipa inayobeba mchanga kutoka Donge kupeleka majengo ya Fumba huanza na kusimama, huanza na kusimama, mpaka magharibi.

Kwa hiyo mimi huanza mahali pengine. Injini ya lori hupimwa kwa gramu za dizeli inazochoma kutoa kilowati moja kwa muda wa saa moja. Injini mpya kama DC13 ya Scania, ya lita 12.7, ikiwa kwenye mzunguko unaoipendeza huchoma takriban gramu 190. Injini ya zamani yenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) na pampu ya kawaida, ikiwa nzima, tuiweke kwenye 210. Tofauti ni gramu 20. Sasa ichukue tipa inayofanya kazi ya wastani wa kilowati 100. Kila saa ya kuvuta, tofauti hiyo inakuwa gramu 2,000, na kwa kuwa lita ya dizeli ina uzito wa kama gramu 840, unazungumzia lita 2.4. Kama kwa siku nzima tipa yako inavuta kwa nguvu hiyo saa mbili tu, injini mpya imekuokolea lita zisizofika 5.

Halafu tazama foleni. Injini kubwa ya dizeli ikinguruma palepale, bila kwenda popote, huchoma lita 2 hadi 3 kwa saa. Tipa ikisubiri kupakiwa saa tatu na injini haijazimwa, zimekwenda lita 6 hadi 9. Faida yote uliyoinunua kwa bei ya injini mpya imeishia kwenye moshi, gari liko chini ya mnazi.

Matajiri wengi wakisikia hivi huanza kumlaumu dereva. Mimi nimewahi kumuuliza dereva mmoja kwa nini hazimi. Akaniita ndani ya kebini, akazima, akanionyesha geji ya upepo. Mshale ulikuwa unashuka tunauona kwa macho. Breki za lori zinaachiliwa kwa upepo. Ukiisha, springi zinashika magurudumu na gari halisogei mpaka mitungi ijae tena. Foleni ikisogea na yeye amekwama, anapitwa. Na betri yake ilikuwa imechoka, akizima hana hakika ya kuwasha. Kijana wa watu alikuwa anafanya jambo la akili kabisa. Tulichukua povu la sabuni na brashi, tukapaka kila maungio ya mabomba ya upepo kuanzia kompresa hadi nyuma. Povu lilichemka sehemu nne. Tukabadilisha mipira na bomba moja, tajiri akanunua betri mbili, na tangu siku ile dereva yule huzima. Hakuna kazi ya kupunguza mafuta niliyowahi kuifanya kwa gharama ndogo kuliko ile.

Sasa kudumu. Hapa nina maneno mengi, maana ndipo pesa za watu zinapopotea.

Watengenezaji wanaposema injini itafika kilomita milioni 1, wanahesabu barabara kuu. Kwetu kilomita hazisemi kitu. Chukua mtu aliyeambiwa abadilishe oili kila kilomita 15,000. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni saa 250. Kwa mwendo wetu wa wastani wa 20, ukichanganya na foleni, ni saa 750. Oili imefanya kazi mara tatu, na sehemu ya muda huo injini haikupata joto lake, kwa hiyo dizeli isiyoungua inapita kwenye ringi za pistoni na kuteremka kwenye oili. Mimi nawaambia wateja wangu wahesabu saa, na kwenye 250 waje.

La pili ni maji. Injini nyingi za malori haya zina slivu, yaani mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Kila pistoni inapopiga, slivu inatikisika kidogo mno, na upande wa maji vinatokea vipovu vinavyopasuka juu ya chuma. Kulanti sahihi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, huweka utando unaoukinga ukuta ule. Sisi tunatia maji ya kisima, na kisima cha Unguja kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe. Maji yake yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi. Mwaka jana tulifungua injini iliyokuwa inapoteza maji bila kuvuja nje. Nikaitoa slivu ya nne, nikaifuta, nikaipeleka mlangoni kwenye jua. Ubavu mmoja ulikuwa umetobolewa vitundu kama vya mdudu wa mbao, vimejipanga mstari wa kusimama, na kimoja kilikuwa kimepita hadi ndani. Nilitia msumari mwembamba ukatokea upande wa pili. Kosa hilo halikuwa la jina lililoandikwa kwenye grili. Lilikuwa la dumu la maji lililo nyuma ya kiti.

Majina nayo yana uzito wake, siyakwepi. Howo yenye nguvu za farasi 371 inatumia WD615, injini ya lita 9.7 ambayo Wachina waliipata kwa leseni kutoka Steyr ya Austria. Zile zenye pampu ya kawaida nazipenda kwa kazi ya mchanga: kila silinda ina hedi yake, yaani kifuniko chake cha juu, gasketi ikiungua unafungua moja tu, watu wawili wanatosha kuinyanyua. Scania za 113 na 124 ni hivyo hivyo, na chuma chake naona kinavumilia zaidi, ila spea halisi ina bei yake. Mercedes OM457 pia ina hedi moja kwa kila silinda. Volvo D13 ina hedi moja ndefu kwa silinda zote sita. Ni injini nzuri sana safarini, lakini kuishusha hedi ile inataka winchi na nafasi, na gereji nyingi za kwetu zinafanya kazi chini ya mwembe. Fuso ya 6D22, ya lita 11.1, isiyo na tabo, haina cha kuharibika kingi, ila kwa mzigo uleule inakula zaidi.

Injini za komoni reli, ambazo dizeli ya silinda zote hutoka kwenye bomba moja lenye mgandamizo mkubwa, zinahitaji uangalifu wa aina yake. DC13 ya mfumo huo hufikisha mgandamizo wa bar 2,400. Nozeli ya kizamani, ile inayopuliza dizeli kwenye silinda, hufunguka kwa bar 200 na kitu. Chuma kinachofanya kazi kwa mgandamizo ule hakisamehe tone la maji. Na hewa yetu ina unyevu, tanki likilala nusu linatoa jasho ndani. Mwenye injini hii ajaze tanki jioni, sio asubuhi, na afungue koki ya chujio la maji kila siku kabla ya kuwasha. Plagi za sensa zipakwe grisi yake, chumvi ya bahari inazila. Na ajue kwamba injekta na fundi mwenye kompyuta huenda vikasubiriwa kwa boti kutoka Dar, huku gari limelala. Anayepeleka mzigo bara, huko kwenye masafa marefu injini hiyo itamlipa, namshauri aichukue. Wa mchanga na kokoto hapa Unguja, pampu ya kawaida.

Wenzetu wa Pemba, nyinyi mna vilima. Tafuteni injini yenye nguvu kwenye mzunguko wa chini, na mkague breki ya injini kabla ya rangi.

Ukienda kulitazama lori, nenda alfajiri, injini haijawashwa. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yakiwa rangi ya chai, shusha bei au ondoka. Kisha liwashe mpaka geji ya upepo ijae, lizime, muulize mwenyewe habari za nyumbani kwa nusu saa, halafu rudi uangalie mshale uko wapi.