Kloroplasti Inamjua Mama Tu

Nimesoma tena ripoti ya maabara yenye sentensi ileile: jenomu ya kloroplasti (DNA yote ya vile vijisehemu vya kijani vya seli za mmea) ya sampuli imelingana kwa asilimia 99.8 na ya spishi fulani, kwa hiyo unga huu wa dawa ya mimea ni wa spishi hiyo. Muuzaji akabandika kwenye chupa "imethibitishwa kwa DNA". Kilichothibitishwa hapo ni kidogo kuliko hicho, na anayemeza dawa ana haki ya kujua ni kidogo kiasi gani.

Asilimia kwanza, maana ndiyo rahisi. Jenomu ya kloroplasti ya mimea mingi itoayo maua ina jozi za besi kama 150,000, na asilimia 0.2 ya hizo ni tofauti 300. DNA hii hubadilika polepole kuliko ya kiini cha seli, kwa hiyo spishi mbili halali za jenasi moja zinaweza kuachana kwa tofauti chache kuliko hizo. Tazama tofauti ziko wapi (ndani ya jeni ya ycf1? kati ya jeni za trnH na psbA?) na kama zinajirudia katika kila mti wa spishi hiyo. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni watu kusahau kwamba kloroplasti hurithiwa upande mmoja. Kwa mimea mingi itoayo maua, inatoka kwenye yai, chavua haichangii. Ni sawa na mtu kuulizwa ukoo wake akataja kuukeni tu, bibi mzaa mama na mama yake bibi, akanyamaza kuhusu kuumeni. Hajasema uongo, ila ukimwandika kwa hayo tu umefuta nusu ya watu wake. Chotara akisomwa kwa kloroplasti anaonekana mama yake mtupu. Na uzao wake ukiendelea kupokea chavua ya upande wa baba kizazi baada ya kizazi, utapata mti wenye majani, maua na kemia ya spishi ya baba, huku kloroplasti yake ikiwa bado ya yule bibi wa mwanzo. Katika mialoni ya Ulaya hili linajulikana vizuri: miti ya spishi tofauti katika msitu mmoja huwa na kloroplasti ya aina moja, inayofuata eneo kuliko spishi.

Chukua mkwinini, yaani Cinchona. Asili yake ni Andes. Wajerumani waliupanda Amani, Usambara, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakatengeneza kwinini ya askari wao kutokana na magome yake. Baadaye ukalimwa sana Kivu, mashariki mwa Kongo. Aina yake iitwayo ledgeriana ina kwinini nyingi lakini ni dhaifu shambani, nyingine, succirubra, ina nguvu lakini kwinini yake haba. Basi wakulima wakazizalisha pamoja kupata chotara, na pia wakabebesha ledgeriana juu ya shina la succirubra. Sasa unga wa gome ukifika maabara, umetoka mti gani? Chotara mwenye mama succirubra atasomeka succirubra, na gome lililobanduliwa chini ya kiungo cha kubebesha ni la mti mwingine na lile la juu. Jeni za kutengeneza kwinini zimo kwenye kiini, kloroplasti haina habari nazo. Tena mwaka 2012 ilionyeshwa, katika jenasi ya tumbaku, kwamba jenomu nzima ya kloroplasti inaweza kuvuka kiungo hicho kutoka spishi moja kwenda nyingine. Sidhani hutokea mara nyingi shambani, lakini tangu nisome hayo siwezi kuapa.

Kipimo chenyewe kina kazi kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza uzito waliharibikiwa figo, kwa sababu mahali pa mmea wa dawa wa Stephania tetrandra palikuwa pamewekwa Aristolochia, mmea wenye sumu. Mimea hiyo ni ya familia zilizo mbali. Kipande kifupi cha rbcL, jeni moja ya kloroplasti, kingetosha kuitofautisha. Jenomu nzima huhitajika mimea inapokuwa ndugu wa karibu, na hapohapo ndipo uchotara unapoanza kutupotosha.

Makala zetu watafiti huchora mti wa ukoo wa spishi wenye asilimia 100, kipimo cha uhakika wa takwimu, kwenye kila tawi, ilhali mara nyingi kila spishi imewakilishwa na mmea mmoja. Asilimia hiyo haikuambii mmea huo unafanana kiasi gani na wenzake wa bonde la pili. Jina lake katika GenBank, hazina ya umma ya mfuatano wa DNA, aliliandika mtu, na kama hakuna kielelezo kilichohifadhiwa kwenye hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa), hakuna wa kulihakiki. Michoro ya mipaka ya IR, zile sehemu mbili za jenomu ya kloroplasti zinazojirudia kinyumenyume, mimi huipita haraka. Tofauti nyingine humo zimeletwa na programu ya kompyuta.

Kwa hiyo ukiniletea unga, nitaomba pia tawi lenye maua au matunda la mti uleule. Nitasoma ITS2, kipande cha DNA ya kiini, pamoja na kloroplasti, na gome litapimwa kemia. Vikipingana, ripoti yangu itaandika "huenda ni chotara", na mahali pa jina la spishi nitapaacha wazi.