Jasho haliondoi uraibu wa unga

Kwenye vijiwe vya soka Dodoma, kuanzia Area C hadi Chang'ombe, wengi huamini kwamba mchezaji aliyeingia kwenye unga, yaani heroini, akipewa mazoezi makali, sumu itatoka kwa jasho na atarudi kikosini.

Heroini huvunjwavunjwa na ini, kisha sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache, akimbie au alale. Kinachobaki ni uraibu, nao uko kwenye ubongo. Mazoezi husaidia usingizi na moyo wa kuendelea, lakini hayachukui nafasi ya tiba. Tena kuna hatari ambayo watu huisahau: aliyekaa wiki kadhaa bila kutumia, mwili wake umepoteza uzoefu wa unga. Akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua.

Tiba ipo. Dodoma kuna huduma ya methadone, dawa ya kunywa inayotibu uraibu wa heroini, hutolewa bure, na mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Ila methadone imekatazwa wakati wa mashindano, hivyo mchezaji aombe kwanza kibali cha matibabu.

Wala si kweli kwamba mchezaji aliyetumia unga ameisha kisoka. Tangu 2021, kanuni za kimataifa za dawa zilizokatazwa michezoni hutoa adhabu ya kufungiwa miezi 3 kwa aliyethibitisha kuwa alitumia heroini nje ya mashindano bila lengo la kuongeza uwezo. Hushuka hadi mwezi 1 akikamilisha tiba iliyoidhinishwa.

Orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni huanza kutumika kila Januari 1 na iko wazi mtandaoni. Isome, au muulize mfamasia.