Sherpa si aina ya manyoya

Siku hizi kila jaketi la mtumba lenye bitana ya manyoya linaitwa "sherpa". Muuzaji anaandika hivyo kwenye tangazo, mnunuzi anauliza bei ya "sherpa", na wapo wanaoeleza kwa uhakika kabisa kwamba hayo ni manyoya ya mnyama wa Himalaya. Hakuna mnyama wa jina hilo. Bitana ile kwa kawaida ni poliesta, imefumwa na kuchambuliwa mpaka ikasokotana kama sufu ya kondoo.

Washerpa ni watu. Ni jamii ya milimani mashariki mwa Nepal, hasa wilaya ya Solukhumbu, chini ya mlima Everest kwa upande wa kusini. Jina limetoka katika lugha yao: shar ni mashariki, pa ni watu wa mahali; wazee wao walitoka Kham, mashariki mwa Tibet, wakavuka safu ya Himalaya karne kama tano zilizopita. Wapanda milima Waingereza walianza kuwaajiri kupitia Darjeeling, India, mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo jina la kabila likaanza kugeuzwa jina la kazi. Ndiyo maana hata Kilimanjaro utamsikia mgeni akimwita mpagazi Mchaga "sherpa". Viwanda vya nguo navyo vikalichukua jina hilohilo na kulibandika kwenye kitambaa, kwa kukifananisha na nguo za ngozi ya kondoo za watu wa huko.

Sasa nguo hizo zina majina yake, na hili ndilo linaloniuma. Joho la Washerpa ni chhuba. La kawaida lilishonwa kwa sufu nzito iliyosokotwa nyumbani. Lile la ngozi ya kondoo ndilo lokpa. Kwa hiyo kama lipo vazi ambalo bitana ya poliesta inaliiga, ni lokpa, na hata hapo kuiga kwenyewe ni kwa kuangalia tu. Lokpa haina bitana. Ni ngozi nzima, manyoya yameelekezwa mwilini na ngozi iko nje kuzuia upepo.

Mvaaji hulivuta joho juu kidogo kabla ya kujifunga mshipi wa kitambaa, kara, na lile pindo linalolegea kifuani linakuwa mfuko. Mfuko huo unaitwa tolung. Humo huwekwa vitu vidogo vya safarini, kama mama wa Pwani anavyofunga hela kwenye pindo la kanga. Jua la mchana likiwaka, mtu hutoa mkono mmoja kwenye joho na kuuacha mkono wa nguo ukining'inia. Namche Bazaar iko mita 3,440 juu ya usawa wa bahari, na huko juani na kivulini ni hali mbili tofauti kabisa.

Wanawake huvaa tongkok, gauni refu la sufu, au engi isiyo na mikono kukiwa na joto. Mbele hufungwa metil, kitambaa cha mistari ya rangi kilichounganishwa kwa vipande vyembamba. Tafadhali isiitwe aproni ya jikoni: ni vazi la heshima, na kwa desturi humtambulisha mwanamke aliyeolewa. Nyuma hufungwa kitambaa kingine cha namna hiyo, gewe, na kiunoni hukaa bizimu ya fedha iliyonakshiwa, kyetig. Viatu vyao vya asili ni buti za sufu nzito zenye soli ya ngozi, zimepasuliwa nyuma na kufungwa kwa ukanda wa kufuma chini ya goti.

Mapambo ni feruzi, marijani na zi. Marijani nyekundu inastaajabisha, maana asili yake ni bahari, hasa Mediterania, na ilipanda milima yote ile mikononi mwa wafanyabiashara. Zi ni shanga ndefu za akiki, nyeusi au kahawia, zenye michoro myeupe na miviringo inayoitwa macho. Huaminika kumkinga mvaaji, na mama humrithisha binti yake. Za kale ni ghali mno, na za bandia zimejaa sokoni.

Leo Msherpa mwenyewe akienda kazini mlimani huvaa jaketi la kiwandani, na chhuba hutolewa kwa harusi na kwa Losar, yaani mwaka mpya. Hakuna ubaya wowote. Na anayeuza jaketi lake la poliesta hakosi mteja akiandika "lina bitana ya manyoya ya bandia". Anayetaka jina la vazi lenyewe la ngozi ya kondoo, basi ni lokpa; Sherpa ni yule aliyelivaa.