Unga wa uyoga na saratani: ya mtaani na yaliyopimwa

Ukiulizia dawa ya saratani pale Mwanjelwa, Mbeya, hutakosa mtu wa kukuonyesha pakiti la unga wa uyoga na video kwenye simu: seli za saratani zikifa. Video yenyewe huenda ni ya kweli. Shida ni maneno yanayoongezwa juu yake.

"Maabara imethibitisha uyoga unaponya saratani."
Kilichoonekana ni hiki: dondoo la uyoga, hasa uyoga wa dawa uitwao reishi, likimwagwa juu ya seli za saratani zilizokuzwa kwenye kisahani, nyingi huacha kugawanyika au hufa. Lakini hata spiriti itaziua hapohapo. Mtafiti anatakiwa aende mbele zaidi: je, seli zenye afya zinabaki salama? Na mtu akinywa, dawa itaufikia uvimbe kwa wingi uleule? Tena dondoo la maabara mara nyingi hukamuliwa kwa alkoholi, inayotoa kemikali ambazo maji ya moto hayazitoi vizuri. Chai unayochemsha nyumbani Uyole si kitu kilekile. Beta-glukani nazo, aina ya sukari iliyomo kwenye uyoga na inayosifiwa sana na wauzaji, ni molekuli kubwa ambazo utumbo hauziingizi kwenye damu kirahisi. Zinachunguzwa zaidi kwa jinsi zinavyoamsha kinga ya mwili.

"Mbona Wajapani wanautumia hospitalini?"
Kweli, waliutumia. Dawa ya PSK, inayotokana na uyoga wa Trametes versicolor, iliidhinishwa huko miaka ya 1970, na lentinani, dawa ya uyoga wa shiitake, ilitolewa kwa sindano. Ila zote ziliongezwa juu ya upasuaji au kemo (dawa kali za kuua seli za saratani), hasa kwa saratani ya tumbo. Hapo ndipo muuzaji anapokata sentensi. Kuhusu reishi, mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ya majaribio kwa wagonjwa hayakupata ushahidi wa kutosha kuufanya tiba ya kwanza.

"Ni wa asili, hauna madhara."
Sisi tunaookota uyoga porini mvua zikianza tungekuwa watu wa mwisho kuamini hili! Zipo taarifa za ini kuumia kwa unga wa reishi, na kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kuna hofu ya kutokwa damu kupita kiasi. Ule wa ndoo unaouzwa kando ya barabara Mafinga ni mboga tamu. Ni wa kula tu.

"Nijaribu uyoga kwanza, hospitali baadaye."
Hii ndiyo inayonikera, maana gharama yake ni muda. Chukua saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mabadiliko ya awali huonekana kwa kupaka siki tu, na mengi huondolewa kwa kugandishwa au kuunguzwa, pengine siku hiyohiyo, mama akarudi nyumbani. Yakiachwa hadi damu ianze kutoka ovyo, safari inaweza kuwa ya mionzi kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na nauli, na ndugu wa kumlaza.

Kama tayari unakunywa unga huo, usimfiche daktari. Nenda na pakiti lenyewe, alisome kabla hajakuandikia kemo.